Skii za masafa ukiwa Nairobi: mwongozo kamili wa kujiandaa kutoka Aprili mpaka Novemba

Msimu wa skii za masafa unaisha Machi na unaanza tena mwisho wa Novemba, na hiyo miezi ya katikati ndio inaamua utafika wapi. Naongelea zile skii unapanda mlima kwa miguu na mikono yako mwenyewe, kilomita 10, 20, mpaka 50, sio zile za kushuka halafu lifti inakurudisha juu. Huu mwongozo ni wa mtu anashindana ama anataka kuanza kushindana, anaishi hapa Nairobi, ana kazi ama shule, na hana theluji.

Kabla hujapanga chochote elewa hivi: shida yetu sio pumzi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sheria za FIS, lile shirikisho la skii la dunia, hazitaki njia ya mashindano ya masafa ipite mita 1,800, kwa hivyo unalala kila siku kwenye urefu timu za Ulaya zinalipa hoteli ndio zifikie. Mwangalie Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akaanza skii mwaka wa 1996 huko Finland, miaka miwili baadaye akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998. Kwa kilomita 10 alimaliza nambari 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Unadhani mtu wa 800 kutoka bonde la ufa alikosa mapafu? Alikosa miaka ya mikono, mgongo na balansi, vitu mtoto wa Norway anaanza akiwa na miaka mitatu. Boit alirudi 2002 na 2006, na mimi namheshimu sana kwa hilo. Sasa kila kitu hapa chini kimepangwa hivyo: mbio unazo tayari, pesa na muda vyako viende kwa mikono na balansi.

Hatua ya 1: Aprili, pumzika na uhifadhi vifaa

Wiki mbili ama tatu usifanye kitu kigumu. Tembea, ogelea, kimbia ukiskia raha. Mvua ya masika imeshika Nairobi saa hiyo na barabara hazina maana, kwa hivyo haupotezi kitu.

Skii zako za theluji zisafishe, zipake nta laini, nene, na usiikwangue mpaka siku utashika theluji tena, hiyo nta inalinda chini isikauke. Usiziweke kwa stoo ya mabati, jua likipiga hapo ndani ni tanuri, weka chini ya kitanda. Na kama bado una nta za zamani zenye floro zitoe kabisa kwa begi, FIS walizipiga marufuku kwa mashindano yote kuanzia msimu wa 2023/24 na skii zinapimwa.

Mwezi huu pia nenda maabara upimwe damu, haswa ferritin, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Ukiwa kwa mwinuko na chuma chako kiko chini mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha, na utashangaa mbona unachoka na unafanya kila kitu sawa. Wadada hii msiruke. Vidonge vya chuma usinywe kwa kubahatisha, daktari aone matokeo kwanza.

Hatua ya 2: Rola skii na fimbo

Rola skii ni ubao mfupi wa alumini ama kaboni wenye gurudumu mbele na nyuma, kiatu ni kile kile cha theluji. Usitegemee kuzipata kwa duka la michezo hapa mtaani, utaagiza ama umwombe mtu anatoka Ulaya akubebee, na zilizotumika ni sawa kabisa bora fremu haijapinda na beringi zinazunguka bila kelele.

Kuna aina mbili, za klasiki, ambapo miguu inaenda mbele na nyuma sambamba, na za skeiti, ambapo unasukuma kwa pembeni kama mtu wa viatu vya magurudumu. Kama una pesa ya pea moja chukua klasiki. Magurudumu yake ni mapana kidogo, na moja lina kizuizi ndani linazunguka upande mmoja tu, kwa hivyo unaeza kusukuma mguu nyuma bila kuteleza. Lami yetu yenye kokoto inayavumilia hayo kuliko yale membamba ya skeiti, na kusukuma kwa fimbo mbili pamoja, ambayo ndio tutakula nayo ugali msimu mzima, unafanyia hapo. Kasi ya gurudumu inaandikwa kwa namba, na kampuni tofauti zina namba zao, wewe omba ile ya kati. Ya kasi sana inakudanganya uko fomu na kwa mteremko inakutupa.

Fimbo ya klasiki kwa sheria haifai kupita asilimia 83 ya urefu wako ukiwa umevaa viatu. Mtu wa sentimita 175 anapata 145. Ya skeiti ni ndefu, karibu asilimia 89 ama 90. Kwa lami ondoa kile kikapu cha theluji, kisahani cha chini kinachozuia fimbo kuzama, uweke ncha za kabaidi. Hapa wengi wanapuuza: ncha ikiwa butu fimbo inateleza nyuma, bega linashtuka, na baada ya mwezi una kiwiko kibovu. Skiza sauti. Ncha kali inagonga lami mara moja, tik, inashika. Ikianza kukwaruza ni wakati wa kunoa, na utanoa kwa tupa ya almasi, hii ya kawaida ya fundi chuma haikati kabaidi. Noa kila wiki, hata mara mbili ukiwa unaenda sana.

Helmeti, glavu, miwani, na jaketi la kung'aa kama la boda. Hayo hatujadili.

Hatua ya 3: Tafuta lami

Hapa Nairobi hii ndio kazi ngumu kuliko mazoezi yenyewe. Unataka lami laini, magari machache, na mteremko unaomalizikia kwa tambarare ama kilima, kwa sababu rola skii nyingi hazina breki. Hiyo rudia kichwani. Hazina breki. Kabla ya kuteleza barabara yoyote itembee kwa miguu mwanzo mpaka mwisho, angalia matuta, mashimo, mchanga kwa kona, na ule mfereji hauna kifuniko.

Kwa balansi ya mwanzo anza na sehemu ya kuegesha magari iliyo tupu, ama ile Sunken Car Park pale mjini Jumapili ambapo vijana wa skeiti wanajaa. Ongea nao poa, wanajua kuanguka kuliko kocha yeyote wa Ulaya. Ukishasimama vizuri omba ruhusa kwa barabara za ndani za uwanja wa Kasarani, ama kwa estate yenye geti, nenda uone msimamizi mwenyewe na umweleze, usiingie tu na fimbo zenye ncha askari akakuona wa ajabu. Kwa masafa marefu toka nje, upande wa Limuru na Tigoni kati ya mashamba ya chai, baridi nzuri na uko juu zaidi ya mita 2,000, lakini milima yake imekaa vibaya kwa mtu mpya, kwa hivyo panda na skii halafu shuka kwa gari ama kwa miguu. Sioni aibu yoyote katika hiyo, kinachokuzia mwili ni kupanda.

Saa ni asubuhi kukishakucha vizuri. Jumapili saa kumi na moja giza bado iko na kuna madereva wanarudi nyumbani kutoka kwa starehe, ngoja mpaka ifike saa moja asubuhi. Na usiende peke yako, mwenzako akae nyuma na baiskeli ama pikipiki, taa ya nyuma inawaka. Matatu ikija toka kabisa kwa lami, simama kwa nyasi, ipite. Expressway na Thika Road hata usifikirie.

Karura haina lami ya kutelezea kwa zile njia za msituni, ni udongo mwekundu, lakini kwa kukimbia na kwa kutembea na fimbo mlimani ni dhahabu, zaidi ya hekta 1,000 za msitu katikati ya jiji, na ni kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa miaka ya 1998 na 1999 ndio bado tunaufanyia mazoezi.

Hatua ya 4: Mei mpaka Septemba, wiki yako ikae namna gani

Hawa wa juu kabisa wanafanya kati ya saa 750 na 950 kwa mwaka. Marit Bjørgen wa Norway, mwenye medali 15 za Olimpiki, alianza na saa kama 520 kwa mwaka akiwa kijana na akapanda pole pole kwa miaka mingi mpaka karibu 940. Na kwa mazoezi yake ya pumzi, zaidi ya tisa kwa kumi ilikuwa mwendo wa pole. Wakimbiaji wetu hapa ndio wanakwama, wamezoea kundi la asubuhi ambapo kila kilomita ni vita. Mazoezi ya pole ni ya kupiga stori, ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi umepita, punguza, hata kama ni kutembea mlimani. Ukivaa saa ya kupima moyo kaa chini ya asilimia 72 hivi ya mapigo yako ya juu kabisa.

Mtu mwenye kazi aanze Mei na saa 8 kwa wiki, Juni 9 ama 10, Julai na Agosti afike 12, na kila wiki ya nne apunguze theluthi moja mwili ujirudishe. Juni mpaka Agosti Nairobi ni kavu na baridi, mawingu kutwa, hiyo ndio zawadi yetu, tumia hiyo miezi kwa rola skii kadiri unaeza kabla vuli haijarudi Oktoba.

Wiki ya Julai ikae hivi. Jumatatu pumzika. Jumanne asubuhi dakika 90 za fimbo mbili kwa tambarare, pole, jioni jimu. Jumatano kimbia Karura pole. Alhamisi intavo: panda kilima na fimbo, dakika nne mara nne ama tano, ukishuka unatembea. Ijumaa jimu na balansi nusu saa. Jumamosi rola skii masaa mawili na uweke mbio fupi za sekunde 10 kama nane hivi ndani yake. Jumapili ndefu, Ngong Hills na fimbo masaa matatu, kule juu ni mita 2,460 na zile tuta zinapanda na kushuka kama njia ya mashindano kabisa, nenda na kikundi na uulize lango kuhusu askari wa msitu wa kuwasindikiza.

Sasa hiyo fimbo mbili. Watu wengi wanavuta na mikono na wanachoka kwa kilomita tatu. Simama mrefu, visigino vikinyanyuka kidogo, mwili uanguke mbele kama unataka kuangukia vidole vyako, fimbo zishike lami karibu na vidole vya mguu, viwiko vimekunjwa na vimekaa imara, halafu tumbo ndio linafunga chini. Mikono inamalizia tu. Ukimaliza vizuri utaskia uchungu kwa tumbo na chini ya makwapa kabla ya misuli ya mikono. Mwenzako akuchukue video kutoka upande, uone kama makalio yanakaa chini kwa nyuma, hiyo ndio kosa ya kila mkimbiaji, anachuchumaa badala ya kuanguka mbele. Rekebisha hiyo Mei, Agosti itakuwa imeshakuwa ngumu kama simiti.

Na baadaye mguu mmoja. Teleza kwa skii moja, fimbo mkononi bila kutumia, uhesabu mpaka tano bila kugusa. Kwa theluji muda wote uko kwa mguu mmoja, asiyekaa kwa mguu mmoja hatelezi, anatembea tu na mbao miguuni.

Jimu haihitaji kuwa ya Westlands. Ile ya mtaa yenye vyuma vya simiti inatosha: kuning'inia na kujivuta juu, kujisukuma kati ya vyuma viwili, kuinua chuma kutoka chini, tumbo. Jivute mpaka ufike kumi safi bila kurusha miguu, halafu anza kufunga uzito kiunoni. Nyumbani mwendee fundi wa baiskeli, atakuuzia tyubu imetoboka kwa pesa kidogo, ikate, ifunge kwa grili ya dirisha juu ya kichwa na uvute ule mwendo wa fimbo mbili, dakika tatu kazi, moja pumzi. Mvua ikinyesha huna kisingizio.

Chakula sitakaa hapo, tunakula vizuri. Ugali, ndengu, sukuma, mayai, githeri, uji asubuhi. Kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja na nusu beba maji ya sukari na chumvi na ndizi. Lakini hii ishike: miraa na muguka zina cathine, na hiyo iko kwa orodha ya WADA, shirika la dunia la kupinga dawa za kusisimua misuli, ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano ikipita kiwango fulani kwa mkojo. Dawa za mitishamba na unga wa misuli usiojulikana pia wachana nazo. Ukiandikiwa dawa yoyote uliza ADAK, wakala wa Kenya wa kupinga hizo dawa, kabla hujameza, wako hapa hapa Nairobi.

Hatua ya 5: Safari, moja na iwe ndefu

Hapa nina msimamo. Usigawanye pesa kwa safari tatu za siku tano tano. Tiketi ndio inakula, na siku tatu za kwanza kwa theluji mwili bado unauliza kumetokea nini. Weka yote kwa safari moja ya wiki nne ama zaidi kuanzia katikati ya Oktoba, ikiunganika na mashindano ya kwanza ya Novemba.

Wengine watakuambia Lesotho kwa sababu ni karibu. Afriski, kituo cha skii cha huko, ni pazuri na inafunguliwa Juni mpaka Agosti, lakini imejengewa skii za kushuka. New Zealand kuna Snow Farm karibu na Wanaka yenye njia za masafa za kweli Agosti, shida ni umbali na bei, nenda tu kama kuna mtu amekulipia. Ski Dubai ni ya kushuka pia.

Kwangu mimi ni Finland ama Uswisi. Vuokatti Finland iko na handaki la theluji la kilomita 1.2 lililofunguliwa 1997, linafanya kazi hata kiangazi, na Oktoba wanatandaza nje theluji waliyohifadhi tangu mwaka uliopita. Tena saa zao mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba ziko sawa kabisa na zetu, unashuka ukilala kama kawaida. Davos Uswisi wanafungua njia ya karibu kilomita 4 mwisho wa Oktoba kwa theluji waliyoifunika kwa unga wa mbao kiangazi chote, na mji uko karibu mita 1,560, mwili wako hautaona tofauti ya hewa na Nairobi. Davos ni ghali. Mara ya kwanza nenda Finland, ukodishe nyumba na wenzako na mpike wenyewe.

Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari na sio chini ya siku 15, kwa hivyo Julai uwe tayari na makaratasi, usingoje Septemba nafasi za miadi zimeisha. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na hakikisha imeandikwa inalipia michezo ya theluji na mashindano, nyingi hazilipii. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kurudi. Taarifa ya benki, barua ya kazi ama shule, na barua kutoka kwa shirikisho letu pamoja na ratiba ya mashindano, hiyo barua ndio inamweleza afisa kwa nini Mkenya anaenda kaskazini mwa Finland Oktoba. Ukumbuke pia siku ni 90 ndani ya 180, kama unataka kurudi Januari hesabu kabla.

Leseni ya FIS inaombwa na shirikisho la nchi, hauwezi kujisajili mwenyewe, na mwaka wao unaanza Julai. Fuatilia ofisini kwa heshima na mapema, bila hiyo utatazama mashindano ukiwa nje ya uzio.

Begi la skii ni kama mita mbili na kitu. Piga simu shirika la ndege kabla ya kununua tiketi, uliza urefu na uzito wanaokubali, na uandikishe begi hapo hapo kwa nambari ya tiketi, kisha uulize pia kama ndege ya mwisho, ile ndogo, itaibeba. Ncha za fimbo zifunge kwa kadibodi. Viatu vya skii na nguo moja ya mazoezi beba mkononi, skii unaeza kuazima kokote lakini kiatu kinachokutosha hapana. Beba risiti za vifaa na upite dawati la forodha pale JKIA kabla ya kutoka, ndio ukirudi usiambiwe umeleta bidhaa mpya.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza kwa theluji

Ukitoka mita 1,700 ukashuka Vuokatti, ambako ni chini kabisa, utaskia una pumzi ya kupeana. Usiitumie. Siku tatu za kwanza ni mazoezi mepesi mara mbili kwa siku, saa moja moja, bila intavo yoyote, nusu yake bila fimbo. Skii za theluji ni ndefu, nyembamba, na hazina uzito wa rola, kifundo cha mguu kitatetemeka na misuli ya ndani ya paja itauma, ni kawaida.

Baridi nayo. Vaa tabaka nyembamba tatu badala ya jaketi moja kubwa, na funika mdomo na pua kwa kitambaa chepesi cha shingo, hewa kavu ya baridi inakereketa njia ya pumzi na kikohozi cha wiki ya kwanza kimemaliza safari za wengi. Ukibanwa kifua nenda kwa daktari wa timu ama wa karibu, usikopeshwe dawa ya kupuliza na mtu. Mashindano ya FIS yenyewe hayafanyiki kukiwa baridi kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na wewe kwa mazoezi jiwekee mpaka wa nyuzi 12 chini ya sifuri kwa huo mwezi wako wa kwanza kwa theluji.

Siku ya nne anza teknik na mtu wa kukuangalia, hata kama ni kocha wa timu nyingine unamwomba dakika kumi, wengi wanakubali ukiuliza vizuri. Siku ya sita ama ya saba weka intavo ya kwanza, fupi, dakika tatu mara nne. Wiki ya pili na ya tatu ongeza masaa, wiki ya nne punguza nusu, na mashindano ya kwanza chagua ya klasiki kilomita 10, anza nyuma ya mstari, panda vilima kwa mwendo wako na uwaache wanaokupita kwa mteremko waende.